Ulitoka vibaya nyumba ya zamani? Namna ya kumweleza ukweli mwenye nyumba mpya

Dar es Salaam hakuna daftari la wapangaji wabaya. Taasisi za taarifa za mikopo zinazosimamiwa na Benki Kuu zinajua kama ulikopa benki ukachelewa kurejesha; hazijui kwamba ulikaa Sinza miezi mitatu bila kulipa kodi kisha ukahama usiku. Ndugu zetu walioko Marekani wanakutana na jambo jingine kabisa: kule mwenye nyumba anavuta ripoti, na kesi ya kufukuzwa nyumba inaweza kuonekana humo hadi miaka saba. Kwetu ripoti ni watu. Dalali wa Kijitonyama anajuana na dalali wa Mwananyamala. Mjumbe wako wa zamani anasali msikiti mmoja na baba mwenye nyumba unayemfuata. Fundi aliyeziba bomba kule ndiye atakayeitwa kubadilisha kitasa huku, na fundi akishika kazi anapiga stori.

Mimi nasimamia vyumba vya kupangisha vya familia, Mbagala, kwa hiyo mengi ninayoyaandika hapa nayaona kutoka upande wa yule anayepigiwa simu na kuulizwa "bado kuna chumba?" Niseme mapema ninaposimama. Mpangaji mwenye deni la zamani aliyelitaja kwa mdomo wake nampa chumba kabla ya yule ambaye habari zake naletewa na watu nikiwa nimeshapokea kodi. Ila ukweli nao una mpangilio. Ukimwambia asiyehusika, au ukiumwaga wote pale getini mbele ya wapangaji wanaofua, chumba utakikosa.

1. Jua hasa kilichotokea

Watu wakisema "nilikotoka palikuwa na shida" wanachanganya mambo matatu ambayo mwenye nyumba anayapima kwa mizani tofauti: deni, uharibifu na ugomvi.

Deni ni hesabu, na hesabu inafungwa. Uharibifu (mlango uliovunjika, sinki lililopasuka, ukuta uliochorwa na watoto) nao ni hesabu, ila watu wengi hawajui kiasi chake kwa sababu walihama bila kukagua chumba pamoja na mwenye nyumba. Ugomvi ndio mgumu, maana hauna risiti. Wengi hawaamini nikiwaambia kwamba sisi wa nyumba za uani tunaogopa mgomvi kuliko mdaiwa. Mdaiwa ananisumbua mimi peke yangu. Mgomvi anahamisha wapangaji wengine watatu waliokuwa wanalipa vizuri.

Chukua karatasi uandike: nyumba ipi, uliingia lini na kutoka lini, kodi ilikuwa kiasi gani, ulikwama mwezi gani, ulibakiza kiasi gani, nani alikuwepo. Usisahau bili ya maji, kwa sababu inabaki kwenye mita ya nyumba na mwenye nyumba ndiye anayekatiwa. Kuhusu umeme, kumbuka kwamba tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, na kama mita ilikuwa mikononi mwako basi umemlipia. Una haki ya kuitaja mnapopiga hesabu, japo ni ndogo na mimi nisingeianzishia vita.

Kama ulikuwa ugomvi, andika chanzo chake kwa sentensi moja isiyo na tusi. Ugomvi mwingi ninaoamua unatoka kwenye LUKU ya kuchangia: mmoja ana friji na pasi, mwingine ana taa mbili na chaja ya simu, na mchango ni sawa kwa wote. Kama chako kilikuwa hicho, ni rahisi kueleweka. Hakuna mwenye nyumba wa uani asiyeujua huo mchezo.

2. Rudi ulikotoka kabla hujaanza kutafuta

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, kwa aibu. Unaona ukipiga simu utatukanwa. Huenda ukatukanwa kweli. Piga tu, au kama kupiga ni kuzito, tuma ujumbe, na ujumbe uende pamoja na hela. Maneno matupu ameshayasikia. Kitu kama hiki kinatosha:

"Shikamoo mama. Ni mimi niliyekuwa chumba cha nyuma. Nilitoka nikiwa na deni lako la miezi mitatu, 450,000. Sijalisahau. Leo nimekutumia 75,000 ya kwanza, na nitatuma 75,000 kila tarehe 5 mpaka iishe. Nikimaliza naomba uniandikie kwamba hatudaiani. Samahani kwa kuhama bila kukuaga."

Hakuna hadithi ya mwajiri, hakuna mgonjwa, hakuna "Mungu anajua". Kuna kiasi, tarehe na ombi moja. Usiahidi 150,000 kwa mwezi kama mshahara hauruhusu. Awamu ya pili ikikwama, ahadi mpya inakuwa mbaya kuliko deni la zamani.

Tuma kwa simu, usipeleke mkononi, na zile meseji za muamala usizifute. Ukilazimika kulipa taslimu, awepo mjumbe au mtu mzima mwingine na mwandikiane. Ukimaliza, barua yenyewe haina haja ya kuwa na Kiswahili cha mahakamani:

"Mimi …, mwenye nyumba iliyopo mtaa wa …, nathibitisha kuwa … alikuwa mpangaji wangu kuanzia … hadi …. Hadi leo tarehe … hatudaiani."

Weka sahihi yake, namba yake ya simu na sahihi ya shahidi. Ukipata na muhuri wa ofisi ya serikali ya mtaa, nzuri zaidi.

Huna haja ya kusubiri deni liishe ndipo utafute nyumba. Malipo mawili au matatu yaliyokwenda kwa tarehe yanaonyesha mwelekeo, na mwelekeo ndio unaotazamwa.

Kuna walioonewa pia: mwenye nyumba kapandisha kodi katikati ya mkataba, kafunga kufuli wewe uko kazini, kagoma kurudisha salio la miezi uliyolipia. Huyo humwandikii "samahani". Kusanya mkataba, meseji na picha. Kama mlifikishana mbali, njia ni baraza la kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30 shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tunza nakala ya kilichoamuliwa au kilichokubaliwa. Ukimwambia mwenye nyumba mpya "tulifikishana barazani" huna karatasi mkononi, yeye anasikia kitu kimoja tu: huyu anapenda kesi.

3. Barua ya utambulisho

Wenye nyumba wengi, na ofisi ya mtaa unakohamia, wataomba barua kutoka mtaa unakotoka. Usimtume mtu. Nenda mwenyewe kwa mjumbe, mweleze umeanza kulipa, muonyeshe meseji. Mjumbe anayejua upande mmoja tu wa habari ndiye anayekuharibia, na mara nyingi hata hakusudii.

4. Dalali

Dalali hahitaji historia yako. Anahitaji bajeti, eneo, aina ya chumba na siku utakayohamia. Ukimpa habari za deni, moja kati ya mambo mawili litatokea. Ataisambaza kwa madalali wenzake, tena kwa kuongeza chumvi, au atakufundisha uongo: "sema ulikuwa unakaa kwa mjomba". Uongo huo unamsaidia yeye. Yeye anachukua kodi yake ya mwezi mmoja siku hiyohiyo, wewe unabaki na mwenye nyumba miaka.

Mwambie hivi, kabla hujatoa hata hela ya kuonyeshwa: "Nikikipenda chumba nitaongea na mwenye nyumba mwenyewe kabla sijalipa chochote." Dalali mzuri anakubali. Anayekujibu kwamba mwenye nyumba kasafiri, hapatikani, na yeye ndiye anapokea kila kitu, mwache aende zake. Hapo tatizo wala si historia yako.

Na picha ya kitambulisho cha NIDA usimrushie WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini picha ikishaingia kwenye magrupu ya madalali hairudi. Kitambulisho anapewa yule unayeandikiana naye mkataba.

5. Siku ya kusema

Wakati wake ni mmoja: umeshakiona chumba, umekipenda, na hujatoa hela. Ukisema kwenye simu ya kwanza, unakuwa sauti yenye deni isiyo na sura. Ukisema baada ya kulipa, unakuwa umemtega. Omba mkae. Kama mwenye nyumba anaishi humohumo, omba muongee barazani kwake au ndani, wapangaji wengine wasisikie, kwa sababu kesho hao ndio majirani zako.

Kisha iwe fupi:

"Mzee, kabla hatujafika kwenye hela, kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu."

"Enhe."

"Nilikotoka, Tabata, niliacha deni la kodi ya miezi mitatu. Duka nililokuwa nauza lilifungwa, nikashindwa kumwambia mwenye nyumba mapema, nikahama. Tangu Machi namlipa kila mwezi, nimebakiza 150,000. Meseji za malipo hizi hapa, na namba yake ni hii, unaweza kumpigia."

Mzee anapokea simu, anaisogeza mbali na macho ili aone, anasoma ya kwanza, anateremka mpaka ya mwisho. Anairudisha.

"Sasa hivi unafanya kazi wapi?"

Angalia swali lake. Hakuuliza kuhusu Tabata. Mtu akishapewa kisa kizima kwa sentensi nne, chenye kiasi, sababu, hatua iliyochukuliwa na namba ya kuhakiki, hana tena cha kuchimba; anarudi kwenye kinachomhusu, yaani kama kodi ya kuingilia ikiisha hela ya inayofuata itakuwepo. Anayezungukazunguka ndiye anayeulizwa maswali kumi.

Ona pia kilichoachwa. Hakuna neno baya juu ya mwenye nyumba wa zamani. Hata kama alikuwa na roho ya korosho, usiseme. Mwenye nyumba anayekusikiliza anajiweka kwenye nafasi ya mwenzake papo hapo, anajiuliza utamsema nini yeye ukihama.

Kwa ugomvi, maneno yanabadilika kidogo: "Nilihama kwa sababu tulishindwana na mpangaji mwenzangu kuhusu mchango wa umeme. Tulifikishwa kwa mjumbe, tukayamaliza, lakini nikaona heri nihame. Ndiyo maana natafuta chumba chenye mita yake." Sentensi ya mwisho inabeba mzigo mkubwa: inaonyesha umechagua chumba kwa namna ambayo shida ileile haitajirudia. Kama chumba unachokitaka nacho kina mita ya kuchangia, uliza mapema wanagawanaje, tena uulize kabla hujaulizwa wewe.

6. Maswali yatakayofuata

"Kwa nini hukumwambia mapema?" Jibu la kweli ni aibu, na linakubalika. Liseme hivyohivyo, usilipambe.

"Na hapa ukikwama?" Jibu liwe la vitendo: nitakwambia wiki mbili kabla kodi haijaisha, na nina mtu wa kunisimamia. Halafu umtaje.

"Naweza kumpigia sasa hivi?" Ndiyo, piga mzee. Ndiyo maana hatua ya pili inatangulia. Usithubutu kumpa namba ya rafiki aliyejiandaa kuigiza mwenye nyumba. Mimi nikipiga huwa naanza na maswali madogo: choo kilikuwa ndani au nje? LUKU mlikuwa mnachangia wangapi? Mwenye nyumba wa kweli anajibu kabla sijamaliza. Wa bandia anasema subiri kidogo.

Yapo maswali usiyodaiwa majibu yake. Ndoa iliyovunjika, ugonjwa wa mtu wa nyumbani, kabila, dini: ukweli juu ya kodi hauna maana ya kufungua sanduku lote. Akina dada wanaotafuta peke yao huulizwa sana "mume yuko wapi?" Inatosha kusema, "Nitakaa mimi na watoto wawili, kodi nalipa mimi." Lakini yanayoigusa nyumba yenyewe yaseme hata kama hujaulizwa: mtakuwa watu wangapi kweli, kama unakaanga vitumbua alfajiri, kama una gari la kulaza ndani, kama kuna mdogo wako anayekuja mwezi ujao. Shimo la choo lililopigiwa hesabu ya watu wanane halipokei kumi na wawili kimyakimya.

7. Cha kuweka mezani

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, kwa hiyo ulipe miezi mingapi mbele ni mapatano yenu tu. Mtu mwenye doa hujaribu kulifuta kwa kulipa miezi mingi. Fanya hesabu kwanza. Chumba na sebule cha 150,000 kwa miezi sita ni 900,000. Ongeza 150,000 ya dalali, unafika 1,050,000 kabla hujakodi hata kirikuu cha kuhamishia vitu. Kama hela hiyo umeikopa kwenye simu au kausha damu, utakaa miezi sita ukilipa mkopo, na mwezi wa saba utakukuta mikono mitupu. Utakuwa umeinunua historia ileile kwa mara ya pili.

Mimi ningeomba hivi: miezi mitatu, na juu yake amana ya mwezi mmoja inayokaa kwa mwenye nyumba na kurudishwa nikitoka bila deni wala uharibifu. Amana inamtuliza kuliko unavyodhani, kwa sababu kilichomuumiza kwa wapangaji waliopita ni kuhama bila kulipa mwezi wa mwisho. Kama mshahara wako ni wa mwezi, omba pia uwe unamtumia kila mwezi kiasi cha kodi ijayo badala ya kusubiri mkupuo. Wapo watakaokataa. Mimi napokea, na wanaolipa hivyo hawanisumbui.

Mdhamini awe mtu anayeweza kupatwa na aibu kwa ajili yako: mwajiri, kiongozi wa dini, kaka au dada mwenye makazi yanayojulikana. Mwenyekiti au mweka hazina wa kikoba chako anafaa kuliko watu wanavyofikiri. Kama umekopa na kurejesha kwenye kikoba mwaka mzima, daftari la kikoba linasema juu yako kitu ambacho mwajiri hakijui. Mshikaji wako mnayekula naye chipsi hafai, hata kama ana hela.

8. Yaingie kwenye mkataba

Mkiafikiana, yale ya amana na ya kuchelewa yaandikwe, si yabaki mdomoni. Kifungu cha kuchelewa kinaweza kuwa hivi: "Mpangaji akiona atachelewa kodi, atamjulisha mwenye nyumba kwa ujumbe wa simu si chini ya siku 14 kabla kodi haijaisha, na watakubaliana tarehe ya kulipa isiyozidi siku 30." Kwa mwenye nyumba ni ulinzi, kwako ni ruhusa ya kuongea mapema bila kuona haya.

Deni la zamani halina sababu ya kuandikwa humo. Umeshamwambia, yatosha. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa kama ushahidi mkifika mahakamani, kwa hiyo ulizia TRA mapema. Siku ya kukabidhiwa funguo piga picha kuta, madirisha, sinki, na namba ya mita ya maji, kisha mtumie mwenye nyumba picha hizo siku hiyohiyo ili tarehe ibaki kwenye simu zote mbili.

9. Akikataa

Wengine watakataa. Mwenye vyumba viwili anayeishi kwa kodi hiyo ana haki ya kuogopa. Usibembeleze na usimkasirikie. Mwambie, "Nashukuru mzee, ukipata nafasi baadaye namba yangu unayo," maana wapo wanaopiga baada ya wiki, mpangaji aliyeonekana msafi alipokosa kurudi na hela. Kwa kuwa hukulipa chochote kabla ya mazungumzo, umepoteza nauli na hela ya kuonyeshwa tu.

Ukikataliwa mfululizo, angalia ni wenye nyumba wa aina gani unaowaendea. Majengo yenye msimamizi wa kuajiriwa yana utaratibu wa karatasi na msimamizi hana ruhusa ya kukuelewa, hata akikuonea huruma. Mwenye nyumba anayeishi uani mwenyewe anakuona kwa macho, anampigia mtu wake, anaamua jioni hiyo. Kwa mtu mwenye doa, uani kuna nafasi kubwa zaidi, japo faragha ni ndogo na kila mtu atajua umenunua samaki gani.

10. Ukishaingia

Kodi ya kwanza baada ya ile uliyolipia kuingia ilipe siku chache kabla ya tarehe, hata kama itakubana. Bili ya maji usiache ilale. Na deni la Tabata uendelee nalo kwa tarehe zilezile. Siku utakapopata barua ya "hatudaiani", mpelekee mwenye nyumba mpya nakala wiki hiyohiyo, bila kusubiri aulize.